Kabla ya kugawa kanda, nani analipa nauli ya Bukoba?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: Je, Ligi Kuu Bara iongezwe timu kutoka 16 hadi 24, kisha igawanywe Kanda ya Mashariki na Kanda ya Magharibi kama wanavyofanya Marekani? Nililisoma barazani hapa Ngamiani, kahawa ikapoa mkononi. Nilikaa misimu minne na begi la jezi begani, nikiwa mtunza vifaa wa timu moja ya hapa Tanga. Jina la timu naliacha, maana viongozi wa wakati ule bado tunasalimiana na wengine ni wazee wangu. Lakini swali hili limenigusa pabaya, nami nalijibu.

Jibu langu ni ndiyo. Gaweni, hata kesho. Na sababu yangu ni safari moja.

Tulikuwa na mechi Jumamosi, uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Basi la timu lilikuwa gereji na hela ya kulitoa haikupatikana, kwa hiyo tukaondoka uwanjani kwetu Mkwakwani Alhamisi alfajiri kwa Kosta ya kukodi, watu ishirini na sita na mizigo. Segera, Korogwe, Mombo, Same. Arusha tukaipita mchana, Babati jua linazama, tukaingia Singida usiku. Enzi hizo mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha, tofauti na sasa. Tukalala gesti, wachezaji watatu kitanda kimoja, benchi la ufundi chini kwenye mkeka.

Ijumaa, tulipoiacha Kahama, mkanda wa feni ukakatika. Utingo akadandia lori kurudi kutafuta mwingine. Tulikaa kando ya barabara saa tano nzima. Kipa wetu alikuwa kijana wa Makorora, mrefu, miguu yake haikuwahi kuenea kwenye viti vya Kosta, na siku mbili alikuwa amekaa ameikunja. Nilipomvua viatu niliona miguu imevimba. Nikabonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo likabaki pale pale kama unapobonyeza unga uliokandwa. Nikamlaza kwenye viti vya nyuma, miguu juu ya begi la mipira, nikamkanda kwa maji ya chupa mpaka mkanda ulipofika. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Kaka, kesho itakuwa imeshuka?" Nikamwambia itashuka.

Muleba tukamwomba trafiki atuache tumalizie safari, akatuhurumia. Bukoba tukaingia saa sita usiku, mvua kubwa. Begi la jezi lilikuwa kwenye keria na turubai lilikuwa limechanika. Jezi zote zilikuwa zimelowa, na vumbi la siku mbili limegeuka tope. Nikaomba ndoo mbili gesti, nikafua kwa sabuni ya kipande mpaka saa tisa usiku. Pa kuanika hapakuwepo. Nikazitandaza juu ya viti vya Kosta, moja moja, kila jezi kiti chake, madirisha wazi upande usiopigwa na mvua. Mchana wa mechi zilikuwa zimekauka mgongoni tu, mabega na kola bado mbichi. Wakavaa hivyo hivyo.

Tulifungwa mbili bila. Bao la pili lilikuwa mpira wa adhabu wa mbali, aina ya mpira ambao kijana yule mazoezini alikuwa akiudaka kwa mikono miwili huku anacheka. Alipiga hatua moja, mguu ukagoma, mpira ukampita. Niliona mimi, nilikuwa nyuma ya goli na chupa za maji. Lakini Tanga walisikiliza redioni. Kabla hatujaondoka Bukoba, maneno yalikuwa yameshazagaa Ngamiani kwamba kipa kauza mechi.

Kurudi, hela ya chakula ikatuishia Singida. Kuna mama ntilie karibu na stendi akatupakulia sahani ishirini na sita za wali maharage, nami nikaweka rehani mipira miwili mipya. Deni lililipwa baada ya wiki mbili, mipira ikarudi kwa basi la abiria, imefungwa kwenye kiroba safi na fundo la kamba. Mama yule hakutujua hata kwa sura, akatuamini kwa mipira miwili. Kijana wetu, watu wa mtaani kwake hawakumwamini. Alimaliza msimu, akavua glavu, hakurudi tena uwanjani. Leo anauza samaki Deep Sea, na tukikutana hatuzungumzii mpira.

Ndiyo maana nikasema gaweni. Timu ya Tanga icheze na Dar, Pwani, Morogoro, basi. Kagera wacheze na Mwanza na Kigoma. Nilikuwa tayari kuweka nukta hapo na kutuma barua hii.

Kisha nikajaribu kuchora hizo kanda zenyewe, kwenye karatasi, na wazee wawili wa baraza wakinisaidia. Tanga iko wapi? Mashariki, bila shaka, tupo baharini. Lakini Mtwara nayo ni mashariki, na kutoka hapa mpaka Mtwara ni kama kilomita 900, wakati Arusha ambayo tungeiweka upande mwingine haifiki 450. Mstari wa ramani hauijui barabara.

Wenzetu Marekani wamelipitia hilo. MLS, ligi yao kuu, ilianza 1996 na timu 10. Tangu San Diego FC ilipoingia 2025 ziko 30, yaani 15 kila kanda. Kila timu hucheza mechi 34: nyumbani na ugenini na wenzake 14 wa kanda yake, hizo ni 28, kisha mechi sita tu na upande wa pili. Timu tisa za kila kanda ndizo zinazoingia mtoano wa kutafuta bingwa. Ni mpango mzuri. Lakini tazama Nashville, mji ulioko katikati. Charlotte ilipoingia 2022 upande wa Mashariki, Nashville ikahamishiwa Magharibi. Mwaka uliofuata St. Louis ikaingia Magharibi, Nashville ikarudishwa Mashariki. Na kule hakuna kushuka daraja! Hapa kwetu timu hupanda na kushuka kila mwaka. Zikishuka tatu za kanda ya ziwa, zikapanda tatu za pwani, lazima mtu ahamishwe ili hesabu ikae sawa. Atakayehamishwa naona ni sisi.

Na kuhamishwa maana yake nini? Simba na Yanga zote ziko Dar, kwa hiyo zote Mashariki. Mimi nimebeba maboksi ya viingilio, nimekaa chumba kile cha Mkwakwani hela zikihesabiwa. Siku ya Simba na siku ya Yanga ndizo zinazolipa mishahara ya miezi iliyopita, gesti tulizolala kwa mkopo, na mkanda wa feni. Mechi nyingine zote ukizijumlisha hazizifikii siku hizo mbili. Sasa timu 24 kwa kanda mbili za 12, ukifuata mtindo wa Marekani, ni mechi 22 za kanda na labda sita za kuvuka. Timu ya Kigoma au Mbeya inaweza kumaliza msimu mzima bila Simba wala Yanga kukanyaga uwanjani kwake. Tutakuwa tumewaokolea nauli na kuwanyang'anya mapato ya mlangoni. Sikuwa nimelifikiria hili nilipoanza kuandika, na siwezi kulipita kwa sababu tu Tanga ingenufaika.

Kuongeza timu nako si jambo moja kule na hapa. San Diego waliingia kwa ada ya dola milioni 500, yaani timu mpya kule inakuja na fedha. Sisi tulikwenda kutoka timu 16 hadi 20 msimu wa 2018/19, mechi zikawa 38 kwa kila timu, na msimu huohuo ligi ikachezwa bila mdhamini mkuu. Coastal Union walikuwa ndio wamerudi, tukashangilia mji mzima, halafu tukaanza kusikia timu hii imekwama njiani, ile haijalipa hoteli. Baada ya hapo ikapunguzwa hadi 18, mpaka ikarudi 16 msimu wa 2021/22. Mwaka huo wa 2021 ndipo Azam Media waliposaini mkataba wa haki za matangazo wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Bado naona fedha hiyo inatosha timu 16 vizuri zaidi kuliko 24 vibaya.

Na makundi tumeyajaribu. Daraja la Kwanza, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, lilichezwa kwa makundi matatu ya timu nane, anapanda mmoja kila kundi. Mwaka 2016, siku ya mwisho ya Kundi C, wawili waliokuwa wakigombea nafasi wakashinda 8-0 na 7-0. TFF, shirikisho letu la soka, ikaziadhibu timu za mechi zote mbili kwa kuzishusha, na timu ya Mbao ndiyo iliyopanda. Kundi likiwa dogo, wenye njaa ni wawili na waliobaki hawana cha kupigania, mlango wa uovu uko wazi. Nayasema haya kwa uchungu, maana msimu huohuo timu zetu tatu za Tanga, Coastal, African Sports na Mgambo, zilishuka zote kwa pamoja kutoka Ligi Kuu, na huku mitaani kila aliyefungwa akaitwa aliyeuza. Wapo waliouza. Wapo pia waliokaa kwenye Kosta siku mbili.

Basi jibu langu sasa ni hapana. Ligi Kuu ibaki 16, jedwali moja, kila mtu amtembelee kila mtu. Kinachotakiwa ni ratiba yenye huruma. Timu ikitumwa Bukoba Jumamosi, icheze Mwanza Jumanne au Jumatano, ndipo irudi, nauli moja kwa mechi mbili. Bodi ya Ligi ikate fedha ya safari ya mbali kwenye mgawo wa matangazo kabla haijaingia mikononi mwa viongozi wa klabu, ilipwe moja kwa moja kwa mwenye basi na mwenye hoteli. Na iwe kanuni kwamba timu inayosafiri zaidi ya kilomita 800 ifike saa ishirini na nne kabla ya mechi.

Kanda ningezikubali Championship, yaani lile Daraja la Kwanza la zamani, ambako viingilio ni haba na hakuna Simba wala Yanga wa kupoteza, ilimradi mechi zote za siku ya mwisho zianze kwa wakati mmoja na wanaopanda wapatikane kwa mtoano kati ya kanda. Mtu wa Kigoma akinionyesha hesabu kwamba hata huko itamuumiza, nitamsikiliza.

Na kama mtagawa Ligi Kuu licha ya yote haya, Tanga ikae na Dar.