Msumeno wa mpini mrefu kwa minazi na mwembe: ninunue upi?

SWALI: Nina nyumba ya wageni Bagamoyo. Uani kuna minazi minne na mwembe mmoja mkubwa, na makuti makavu yanaangukia pale wageni wanapoegesha magari. Dukani nimeoneshwa misumeno ya mpini mrefu ya aina tatu: ya mkono, ya betri na ya petroli. Muuzaji anasema wa mita 6 unamaliza kazi yote. Nichukue upi?

JIBU: Ndugu yangu, usitoe hela kabla hujapima minazi. Simika fimbo ya mita 1 juani asubuhi, pima kivuli chake, kisha pima kivuli cha mnazi papo hapo, kuanzia kwenye shina. Fimbo ikiwa na kivuli cha nusu mita na mnazi wa mita 4 na nusu, mnazi una mita 9. Kazi ya dakika tano, na ndiyo itakayokuambia kama muuzaji anasema kweli.

Maana mpini wa mita 6 haukufikishi unakodhani. Ukiushika kwa mikono miwili, sentimita 80 hivi zinabaki nyuma yako. Tena husimami chini ya unachokata, unasimama pembeni na mpini umelala kidogo. Hizo mita 5 na kitu zilizobaki zinakupandisha kama mita 4 na nusu, ongeza urefu wa kifua chako, unapata mita 6 tu. Kwa mnazi mfupi inatosha. Kwa mnazi wa mita 9 utaishia kukwaruza shina.

Halafu, kuti kavu la mnazi wala halihitaji msumeno. Mnazi hujivua makuti wenyewe, takriban moja kila mwezi, na lililokwisha kukauka likining'inia huja kwa kuvutwa na upembo, ule ule wa kuangulia maembe, ukifungwa kwenye mwanzi mrefu. Msumeno ni wa makuti mabichi, na hayo ninakuomba uyaonee huruma. Kwenye kwapa la kila kuti ndipo panapotoka karara, lile ganda lenye maua yatakayozaa nazi, na kuti hilo ndilo linaloegemewa na nazi zake zikishakuwa nzito. Ukilikata, kikonyo cha nazi kinaweza kuvunjika. Chukulia kichwa cha mnazi kama uso wa saa ya ukutani: yaliyo juu ya mstari wa tatu mpaka tisa yaache yote. Na kile kilele cha katikati usikiguse kabisa. Mnazi una kilele kimoja tu, kikifa, mnazi nao umekufa.

Sasa mashine. Ya petroli ningekushauri uiache. Ina kilo 7 hadi 8, na uzito wenyewe uko mbali na mikono yako. Baada ya robo saa mabega yanatetemeka na mnyororo unakwenda unakotaka wenyewe. Isitoshe, kuti la mnazi ni nyuzi tupu. Chenso inazitafuna, zinajisokota kwenye gia, unashusha, unachomoa, unapandisha tena. Ya betri ni nyepesi zaidi, na kwa matawi ya mwembe ya unene wa mkono inafaa, ila ina kasoro ileile ya nyuzi.

Kwa uani kwako nunua wa mkono. Tafuta bapa lililopinda kama mundu, lenye meno makubwa yenye nafasi ya milimita 5 hivi, yanayokata unapovuta. Ukivuta, uzito wa mpini unakusaidia. Ukisukuma, mpini unapinda tu. Kisha kagua vibano vya mpini. Wa kwangu wa kwanza, wa bei poa, ulikuwa na vibano vya plastiki. Nikiwa nimeuvuta wote, ulicheza kama ufito wa kuvulia samaki, na katikati ya kazi kipande cha juu kikateleza chote hadi kwenye vidole vyangu. Dukani, uvute wote, ufunge, kisha ukandamize chini kwa uzito wako. Ukirudi ndani, urudishe kwa mwenyewe.

Kwenye mwembe, tawi nene usilikate kwa mkato mmoja, litachana gome hadi shinani. Kata kwanza upande wa chini, theluthi moja ya unene, futi moja kutoka shinani. Kisha kata juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lidondoke. Kipande kilichobaki kimalizie karibu na ule uvimbe wa shingo ya tawi, usiukate uvimbe wenyewe. Vaa miwani na mikono mirefu. Utomvu wa mwembe unaunguza. Na ukikata kuti bichi usisimame kwenye mstari wa mpini, kwani kuti likiachia hupenda kuufuata huo mpini moja kwa moja hadi kwa aliyeushika.

Hukuniambia kama kuna nyaya za umeme. Mipini mingi ni ya alumini, na hata ile ya faiba ikilowa au ikichafuka si salama. Tawi lolote lililo chini ya mita 3 kutoka kwenye waya, uwe wa nguzo au unaoingia nyumbani, usilikate mwenyewe. Waite TANESCO.

Kama kuna mnazi uliozidi mita 7, mwite mkwezi. Atapanda na panga lake, atashusha makuti makavu, nazi na makarara yaliyokauka kwa mara moja, na wengi hukubali sehemu ya malipo kwa nazi zenyewe. Magari tu yatolewe kwanza, na mtu mmoja asimame getini kuzuia wageni mpaka ashuke.