Yule ngisi wa Nautilus alikuwa wa kweli?

SWALI: Shikamoo mhariri. Juzi nimecheki na wanangu ile muvi ya zamani ya Disney, 20,000 Leagues Under the Sea, sasa wananisumbua, yule ngisi mkubwa ni mnyama kweli? Na hizo ligi 20,000 ndo kina cha bahari? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba ndugu yangu, umenigusa penyewe maana hii muvi ya 1954 naipenda sana. Ngisi yule alitengenezwa, mikono yake ilivutwa kwa waya, na mwanzo walipiga ile fait bahari ikiwa imetulia jua linazama, wakaangalia wakaona waya zinaonekana na mnyama mwenyewe kama mdoli tu, basi director Richard Fleischer ikabidi arudie yote upya usiku, dhoruba, mvua, mawimbi yanapiga sitaha, na gharama ikapanda kweli. Ila cheki sasa, giza na maji vimeficha kila kitu, mkono unamzoa Kapteni Nemo, mkuu wa nyambizi Nautilus (ameigizwa na James Mason), we mwenyewe unashika kiti! Oscar ya special effects waliistahili kabisa.

Kuhusu ligi (kipimo cha zamani cha umbali, siyo ya mpira), hapana, huo ni umbali nyambizi iliosafiri ikiwa chini ya maji, kama kilomita 80,000 hivi, ndivyo alivyomaanisha mwandishi Jules Verne kwenye kitabu kilichozaa hii muvi. Bahari penye kina kirefu kabisa haizidi sana kilomita 11. Waambie wanao waangalie tena ile sehemu Nemo anapiga kinanda peke yake, hapo ndo utamwelewa yule mzee.