Kaka yuko Bulaya, mimi njo namchunga papa: kuna franga za leta (serikali)?

SWALI: Yaya, jambo. Niko Katuba, hapa Lubumbashi. Papa ana miaka 63, miaka miwili sasa amepooza upande wa kuume. Mimi njo namuogesha, namlisha, usiku namgeuza, na sokoni nimeacha, meza yangu ya lengalenga nikamwachia jirani. Kaka yangu yuko Uingereza, anasema kule leta inamlipa mtu anayechunga mgonjwa. Je, anaweza kuomba kule kwa jina la papa? Na hapa Kongo kuna kitu? Papa alitumika miaka 19 kwa kampani ya migodi. Binti wa muzee, Katuba.

JIBU: Dada, pole sana. Ile ya kugeuza mgonjwa usiku naijua, nilimchunga mama yangu mpaka siku ya mwisho na mgongo unaniuma mpaka leo.

Ya kaka, hapana, na umwambie asijaribu. Ile franga inaitwa Carer's Allowance, kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, lakini ni ya mtu anayemchunga mgonjwa yeye mwenyewe masaa 35 kwa wiki ao zaidi, na mgonjwa naye lazima awe anapokea pesa ya ulemavu ya kulekule, sasa papa yuko Katuba, kule hapokei kitu. Tena visa nyingi za kule zinakataza kabisa kuomba misaada ya serikali, akiandika uongo makaratasi yake yataingia matatani na hata kile kidogo anachowatumia kitakatika.

Hapa kwetu, leta haitoi franga ya kila mwezi kwa mtu ju tu ni mlemavu, wala kwa yule anayemchunga. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mwenye ulemavu haki ya kulindwa, halafu ikaja sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki hizo. Ni sheria nzuri, lakini haikununulii unga wa bukari, na hilo linaniuma kweli, ju wanaobeba kazi hii ni mabinti kama wewe.

Lakini umesema kitu kimoja ukakipita mbio: miaka 19 kazini. Hapo njo pa kushika! Kama walikuwa wanamkata mchango kwenye mshahara, papa haombi msaada, anadai chake. Pansio ya uzee ya CNSS, kasha ya leta ya kulinda wafanyakazi, ile zamani tuliita INSS, inaanzia miaka 60, na haiulizi kama mtu amepooza, inauliza alichangiwa muda gani. Siku hizi mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, kampani inaongeza 13. Basi shusha masanduku, tafuta fishi zake za mshahara. Za mama yangu zilikuwa kwenye kopo la Nido, zimekunjwa mara nne, wino umefifia, lakini mstari wa INSS ulisomeka na namba yake pia, na ile namba njo ilifungua dosiye. Ukikosa fishi, nenda kwa wenzake wa kazi, kuna atakayekumbuka matrikuli, ile namba yake ya kazi. Na kama alianguka akiwa kazini, sema mapema, ajali za kazi zinashughulikiwa kivyake.

Usimpandishe papa kwenye pikipiki kwanza. Nenda biro ya CNSS peke yako, uliza barua gani itakuruhusu umsimamie. Acha kopi, orijinali rudi nazo nyumbani, na usitoke bila muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Kaka naye ana kazi yake: atume franga za kumlipa mama mmoja jirani akae na papa asubuhi mbili kwa wiki, uende CNSS, na zile siku nyingine urudilie meza yako ya lengalenga.