Wahusika 23 kwa riwaya ya kwanza? Punguza mkuu

Mkuu umeuliza kama wahusika 23 ni wengi kwa riwaya ya kurasa 150, na majina uyatoe wapi. Ni wengi bana. Mchukue mmoja mmoja ujiulize, nikimtoa huyu stori inavunjika? Kama haivunjiki muunganishe na mwingine, mfano yule muuza genge na yule jirani mmbea wanaweza kabisa kuwa mtu mmoja, na konda anayetokea mara moja tu mwite konda basi, jina la nini.

Majina sasa, hapa ndo wengi wanaharibu. Usiweke Juma, Jumaa na Jumanne nyumba moja, maana Kiswahili chetu ukiandika "alimwambia" haijulikani ni mwanaume au mwanamke, msomaji kashikilia jina tu, yakifanana kapotea. Halafu jina lenyewe linabeba habari: Chausiku kazaliwa usiku, Masika kipindi cha mvua, na Kulwa ukimtaja tu watu wanaanza kumtafuta pacha wake Doto yuko wapi. Ila bibi wa miaka 80 kijijini usimwite Precious, nilikutana nayo kwenye mswada wa mshkaji wangu nikacheka mpaka basi.