Simba na Yanga zinataka uwanja wa nini?

Mwanangu,

Huku Temeke sote wazima. Umeniuliza Simba na Yanga zinahangaikia viwanja vyao wenyewe kwa nini, wakati Uwanja wa Mkapa upo na Azam TV inalipa.

Nianze na televisheni. Mwaka 2021 Azam Media, wenye Azam TV, walisaini na TFF, shirikisho letu la soka, mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Ukigawanya, ni wastani wa bilioni 22 na nusu kwa mwaka. Ni pesa ya maana, hasa kwa timu za mikoani zilizokuwa zinasafiri kwa kuungaunga. Ila ni ya ligi nzima, timu 16. Klabu haipangi bei, inasubiri mgawo. Na shabiki anayelipa kiingilio kwenye kibanda umiza, hela yake inaishia kwa mwenye kibanda.

Sasa njoo mlangoni kwa Mkapa. Shika tiketi ya 10,000. VAT peke yake inaondoka na 1,525. Zifuate gharama za uwanja, maana mwenyewe ni serikali, kisha makato ya TFF na Bodi ya Ligi. Kinachobaki ndicho cha klabu. Nje ya geti watu wananunua maji, chipsi, miwa, jezi feki, na klabu haioni hata mia. Filimbi ya mwisho ikilia, klabu haina chake pale. Mpangaji hawezi kupangisha vyumba vya mwenye nyumba.

Azam FC wana uwanja wao wa Chamazi. Ni ndogo, lakini Mkapa ulipofungwa kwa ukarabati, vigogo wenye mashabiki nchi nzima walikwenda kupiga hodi huko, na KMC Complex pia. Mimi mwana Simba jambo lile liliniuma kweli.

Wenzetu wameshaona mbali. Tottenham wa Uingereza walifungua uwanja wao mwaka 2019, unabeba watu zaidi ya 62,000. Unapokea mechi za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, na mwaka 2023 Beyoncé alipiga shoo tano humo. Timu ikiwa mapumzikoni, pesa inaingia.

Lakini usikimbilie ukubwa. Arsenal walihama Highbury ya watu 38,000 mwaka 2006 kwenda Emirates ya 60,000. Mapato ya mlangoni yalipanda, ila deni la ujenzi liliwabana miaka mingi, na katika miaka hiyo waliondoka nyota wao Fabregas, Nasri na van Persie.

Ndiyo maana mimi nasema klabu zetu zijenge wa watu 20,000, wenye taa, paa, na maduka yanayofunguliwa kila siku. Mechi na timu ya mkoani, jioni ya mvua za masika, ikiwa mubashara kwenye king'amuzi, haiwezi kujaza viti 60,000. Ile ya watani wa jadi iendelee kuchezwa Mkapa.

Mama yako