Ngiri ya mzee wako Faza: usingoje ikaze

Ndugu yangu, nimekuelewa: mzee ana ngiri (henia) mwaka wa pili sasa, yuko Faza, kisiwani Pate, na anaogopa kisu kuliko maumivu. Baba yangu alikuwa vivyo hivyo. Ngiri ikipasuliwa mapema, kwa miadi, ni kazi ya kawaida. Hatari huingia watu wakisubiri hadi utumbo ubanwe.

Mpeleke Hospitali ya King Fahd, Lamu mjini, akapimwe presha na sukari kwanza. Mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, uwe umelipwa. Na uliza bila haya: nani atampa dawa ya usingizi, oksijeni ipo, damu ikihitajika itatoka wapi? Ni haki yenu; Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji tangu 2008. Mtaje kila dawa anayotumia, hata ya miti shamba.

Uvimbe ukiwa mgumu na kuuma, usirudi ndani, au akitapika, hiyo ni dharura. Msimkande, msingoje asubuhi. Zungumza na nahodha tangu leo: maji yakipwa, Mkanda, mlango wa bahari kati ya Manda na bara, hupitika kwa shida, na kuzunguka nje ya Manda wakati wa kusi ni mateso kwa mgonjwa.