"Together with": kitenzi kiwe umoja au wingi?

Swali: Kwenye insha niliandika "The manager, together with his assistants, were late." Mwalimu amekata "were" akaweka "was". Waliochelewa ni wengi, iweje kitenzi kiwe cha umoja?

Jibu: Mwalimu yuko sahihi. Kitenzi cha Kiingereza hufuata kiima, na kiima hapa ni "the manager" peke yake. "Together with", "along with", "as well as", "in addition to" na "accompanied by" huleta maelezo ya ziada. Wanaotajwa humo hawaingii kwenye hesabu. Kinachoongeza hesabu ni "and": "The manager and his assistants were late."

Ukitaka kuhakikisha, hamishia fungu zima mwanzoni: "Together with his assistants, the manager was late." Sentensi inasimama. Jaribu hivyo hivyo kwa "and his assistants" uone inavyovurugika.

Kosa hili huanzia kwenye mazoea. Kwa Kiswahili tunasema "Meneja pamoja na wasaidizi wake wamechelewa" na hakuna anayetukosoa. Tena "assistants" imekaa jirani kabisa na kitenzi, na sikio huvutwa na neno la karibu. Hata wenye lugha yao huteleza hapo wakizungumza, ila kwenye mtihani usitegemee huruma.

Kiima kikiwa cha wingi, mambo hugeuka: "The assistants, along with the manager, were late." Wala si kila kitenzi kitakuumbua, maana "arrived" na "will arrive" havibadiliki. Chunga "is" na "are", "was" na "were", "has" na "have", pamoja na "-s" ya wakati uliopo: "The captain, as well as the sailors, knows the route."

Koma nazo ziwe mbili au zisiwepo kabisa. Ukiweka baada ya "manager", weka na baada ya "assistants".

Swali: Ni "along with I" au "along with me"?

Jibu: "Me", hata fungu likiwa ubavuni mwa kiima: "My brother, along with me, was invited." Penye mtego ni "as well as". "She teaches him as well as me" ina maana anatufundisha sote wawili. "She teaches him as well as I do" ina maana anamfundisha vizuri kama nimfundishavyo mimi. Hiyo "do" usiiache.